Jiwe Nililookota Mazinde

Nilikuwa na miaka 9 nilipoona mtu akipigwa hadi kufa. Ilikuwa kando ya barabara kuu hapa Mazinde, na kosa lake lilikuwa kuku wawili. Nilipofika miaka 16 mwizi mwingine alikamatwa, nami nikaokota jiwe. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Bibi alinikuta nyuma ya nyumba nikinawa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, Mazinde imekula vijana tangu enzi za Semboja."

Sikumwelewa mpaka nilipoanza kusoma. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambaa akiwa Vuga, mlimani, hadi alipofariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikaa huku chini, Mazinde, ilikopita misafara ya Pangani. Kwa pembe za ndovu na watumwa alipata bunduki na baruti. Kiti cha Vuga alikuwa nacho Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Semboja alimfukuza kwa vita, Vuga ikachomwa moto, akamtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi katika vita vya Kiva. Mateka waliuzwa pwani. Abdallah bin Hemedi aliyasimulia mengi katika Habari za Wakilindi.

Mimi huwafikiria watoto wa zama hizo. Aliyezaliwa Vuga ilipochomwa, yapata 1868, alikuwa na miaka kama 27 Wajerumani walipomnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895. Ujana wake wote ulipita katikati ya milio ya bunduki. Nani alimfundisha njia nyingine ya kumaliza ugomvi?

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowafuatilia vijana wa Chicago. Walioshuhudia watu wakipigwa risasi walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kufanya ukatili mkubwa katika miaka miwili iliyofuata. Haina maana kwamba kila anayeona atatenda. Wengi hawatendi. Lakini nilipousoma niliuona mkono wangu.

Wasambaa wana maneno mawili kuhusu utawala: kubana shi, kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Wazee wetu walijua kwamba nchi huugua, na kwamba huponywa na watu.

Mwaka jana kelele za "mwizi!" zilisikika tena sokoni. Nilikuwa na mwanangu, ana miaka 9. Nilitamani kumfunika macho na kukimbia. Badala yake nilimkabidhi kwa mama muuza nyanya, nikaingia katikati ya watu pamoja na wazee wawili. Tulimzunguka yule kijana. Nilipigwa jiwe la bega. Tulisimama hapo mpaka polisi wakaja.

Njiani mwanangu aliniuliza, "Baba, kwani alikuwa ndugu yetu?"

Nikamwambia ndiyo.