Afisa wa akiba wa majini anaandaliwaje kuongoza majeshi ya pamoja?

Wadau, hapa Nyamongo washkaji wameniuliza: afisa wa akiba wa jeshi la majini anaweza kuamrisha na askari wa nchi kavu na wa anga? Anaweza, ila lazima asomeshwe kwanza. Ishu iko hivi.

AKIBA NI NANI?
Kwetu ukisikia akiba unawaza mgambo, maana anayewafundisha wilayani ndiye Mshauri wa Jeshi la Akiba. Marekani afisa wa akiba wa majini ana kazi yake ya uraiani. Kwa kawaida anaripoti jeshini wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Muda wake ndo huo.

KWA NINI PAMOJA?
Mwaka 1980 Marekani walijaribu kuokoa mateka wao Iran. Helikopta zilikuwa za majini, ndege za anga, makomandoo wa nchi kavu. Ikavunjikia jangwani, wakafa 8. Uchunguzi ukaonyesha hawakuwahi kufanya zoezi zima pamoja. Mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya Goldwater-Nichols: afisa akitaka vyeo vya juu kabisa, apitie kazi za pamoja.

WANASOMAJE?
Wanajifunza kupanga operesheni kwa utaratibu mmoja, kujua kila kikosi kinaweza nini, na kufanya mazoezi ya mezani na maafisa wa vikosi vingine. Kwa watu wa akiba chuo cha Norfolk kiliandaa kozi ya wiki 40 hivi, nyingi kwa kompyuta ukiwa nyumbani, halafu wiki chache za kukutana.

HUKU KWETU
JWTZ, afisa anaanzia Monduli, baadaye Chuo cha Ukamanda na Unadhimu Duluti, Arusha. Wa ngazi za juu wanaenda Chuo cha Taifa cha Ulinzi Kunduchi, kilichoanza 2012. Hayo si ya darasani tu: Machi 25, 2008 wanajeshi wetu na wa Sudan walishukia Anjouan kwa bahari, pamoja na jeshi la Komoro.

Na si vita tu. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, walikufa zaidi ya watu 200. Wavuvi, polisi na wazamiaji wa jeshi wote walikuwa majini. Siku kama ile lazima ijulikane nani anatoa amri, na ajue wenzake wanaweza nini.

Je, wazamiaji na manahodha wa Ziwa Victoria nao waandaliwe kama akiba ya majini? Tiririka hapo chini.