Programu za kubadilisha kufuli la simu: hatari yake ni ipi?

Kila simu janja ya Android huja na kufuli lake: namba ya siri, mchoro au alama ya kidole. Zipo pia programu zinazoahidi kufuli la kupendeza zaidi, lenye maua, saa kubwa au zipu inayofunguka. Nyingi watu hurushiana kwa WhatsApp au Xender, bila kupitia duka la Google Play.

Kufuli la simu yenyewe limefungamana na mfumo wake. Katika simu nyingi za miaka ya karibuni, vilivyohifadhiwa ndani havisomeki bila namba ya siri. Kufuli la programu ni pazia tu lililotundikwa mbele ya mlango. Tena nyingi humtaka mwenye simu azime kwanza kufuli la asili, asije akafungua mara mbili. Hapo mlango umebaki wazi. Mwizi akiiwasha simu katika hali salama, ambamo programu za kupakua hazifanyi kazi, anaingia bila kuulizwa kitu.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni ruhusa. Programu hizi huomba kusoma arifa, na baadhi huomba Ufikivu, huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Aliyepewa Ufikivu anaweza kusoma skrini na hata kubonyeza badala yako. Anayesoma arifa huona ujumbe wa benki na namba za uthibitisho. Kwa mkulima wa Tunduru anayesubiri malipo ya korosho, hatuoni ua la skrini linalostahili bei hiyo.

Kuna na matangazo, yanayokula bando. Novemba 2017 Google ilikataza programu kuyaweka kwenye skrini iliyofungwa, lakini iliziacha zile ambazo kazi yake pekee ni kufunga skrini.

Kama unayo, ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, uweke kwanza namba ya siri ya simu yenyewe, kisha uiondoe programu. Ikigoma kutoka, tafuta orodha ya wasimamizi wa kifaa uizime humo.

Laini nayo ifunge kwa PIN yake, kwa sababu mwizi akiihamishia kwenye simu nyingine, kufuli la skrini halimzuii. Kabla ya kuiweka, uliza kwa wakala wa mtandao wako PIN ya mwanzo: ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya PUK. Simu ikiibwa, pigia mtandao wako mara moja ufunge laini na akaunti ya pesa. Ujumbe wa matapeli tuma namba 15040.