Enzi Kompyuta Ilipopigwa Marufuku Bongo

Mwambie kijana wa leo wa Sinza kwamba kuna wakati kuingiza kompyuta Tanzania kulihitaji kibali cha serikali, atadhani unamzingua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na televisheni nazo zikabebwa humo humo. Stori hii ikisimuliwa vijiweni huwa inaishia kwenye kuwacheka wakubwa wa enzi zile. Kilichotangulia hakisimuliwi.

Kilichotangulia ni hiki. Mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 kutoka Uingereza. Usifikirie laptop, mdau. Hilo lilikuwa dude la kujaza chumba, linalolishwa kadi zenye matundu, na kumbukumbu yake haikufika hata herufi laki moja. Picha moja ya chakula unayopiga kwa simu yako ingelishinda. Kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Mwaka 1968 likaondolewa, ikaja mashine kubwa zaidi ya ICL 1900, na kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Saba tu!

Ile ya Wizara ya Fedha ndiyo iliyoharibu sherehe. Mfumo wa hesabu ulitegemea wataalamu wa kigeni, na wazawa walioujua kwa undani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Taarifa zikawa zinachelewa, nyingine zinatoka na makosa, na kitabu cha hesabu za serikali si daftari la duka la Mangi kwamba utasema tutarekebisha kesho. Mwisho wa siku wizara ikarudi kwenye mashine zake za zamani za kuhesabia. Hela ilikuwa imeshakwenda, tena hela ya kigeni.

Hapa wakubwa wale wanastahili kutetewa kidogo. Mwaka 1974 haukuwa wa masihara. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepaa tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umebana, na nchi ililazimika kununua chakula nje. Ofisa anayekaa mezani na maombi mawili, moja la mahindi na jingine la mashine ambayo wizara yenyewe imeshindwa kuitumia, asaini lipi? Yeyote mwenye akili zake angesaini mahindi.

Tatizo ni kwamba marufuku ilitibu ugonjwa usiokuwepo. Kilichokwama pale wizarani kilikuwa watu na utaratibu. Kufunga mlango wa bandari hakukumfundisha karani hata mmoja. Isitoshe, wakati mlango unafungwa dunia ilikuwa inageuka. Mwaka 1975, mmoja tu baada ya marufuku, Marekani ilianza kuuzwa Altair, kompyuta ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua na kuiunganisha nyumbani. Mwaka 1977 ikaja Apple II. Mwaka 1981 IBM wakatoa PC yao. Yaani Tanzania ilipiga marufuku kabati, halafu dunia ikahamia kwenye kitu cha kuweka juu ya meza! Sheria iliyotungwa kwa ajili ya dude la mamilioni ikawa inamkamata na mhasibu aliyetaka kamashine kadogo ka kuandalia mishahara.

Miaka ya 1980 kamba ikaanza kulegea. Aliyehitaji aliomba kibali, maombi yakapitiwa, mwenye bahati akapata. Wenye wafadhili, kama kawaida, walitangulia. Televisheni ikasubiri zaidi. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara stesheni za kwanza zilikuja 1994, mwaka ule ule simu za mkononi zilipoanza. Kizazi kizima cha Bara kilikulia kwenye redio na mikanda ya video, na wazee wa Dar waliovuka kwenda Unguja walirudi na stori za TV kama watu waliotoka Ulaya.

Kisha likaja zama la intaneti kafe, na hapo zamu ya kukosea ikahama kutoka kwa serikali kwenda kwa raia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, mwenye hela kidogo mjini alifunga dishi juu ya paa, akapanga kompyuta za kichogo kwenye vijumba vya mbao, biashara ikaanza. Foleni sio mchezo! Huyu anasoma barua pepe ya mchumba aliyeko Uingereza, yule anajaza bahati nasibu ya Green Card, mwingine anachoma CD. Waliochelewa wakaona wivu. Wakakopa, wakaongeza mashine kumi, wakaongeza ishirini.

Julai 2009 mkebo wa SEACOM ukatia nanga Dar es Salaam, na mwenye kafe akashangilia kuliko wote, maana intaneti sasa itakuwa na kasi. Hakujua kwamba kasi ile haikuwa inamfuata yeye. Ilipitiliza mpaka mfukoni mwa mteja wake. Bando na simu janja zikashuka bei, vijumba vya mbao vikabaki na vumbi, na zile kompyuta za mkopo zikauzwa kwa bei ya kutupa. Wapo walioachiwa deni tu.

Waliopona ni wale ambao, wakati wenzao wanaongeza kompyuta, walinunua printa na mashine ya fotokopi. Leo wanaitwa watu wa stationery. Wana kompyuta mbili, nyingine bado ya kichogo. Msimu wa mikopo ya elimu ya juu ukifika, utawakuta wanafunzi wamepanga mstari nje, kila mmoja na simu kali mkononi, wanasubiri kujaziwa fomu.