Chuma kwa Chuma

Nilikulia kando ya reli ya Mombasa na Nairobi, na utotoni sikujua kitu chenye nguvu kuliko vichwa vya garimoshi aina ya Garratt vya daraja la 59. Vilikuwa 34, vikaundwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi.

Basi mwaka 1986, nikiwa mwalimu wa kazi za mikono katika chuo cha ualimu, niliazimia kuunda pamoja na wanachuo wangu kichwa kidogo cha garimoshi, chenye kuchoma makaa na kwenda kwa mvuke wa kweli. Nilidhani kazi ni kupunguza vipimo tu. Kumbe maumbile hayakubali kupunguzwa hivyo.

Ukipunguza kila kipimo cha silinda mara 12, eneo la kuta zake hupungua mara 144, lakini nafasi ya mvuke ndani yake hupungua mara 1,728. Maana yake, kila kiasi cha mvuke katika injini ndogo hugusa ukuta mkubwa mara 12 kuliko katika injini kubwa. Mvuke hupoa upesi na kugeuka maji, maji huosha mafuta, na chuma kikishapoteza mafuta huanza kuota kutu. Ndiyo sababu swali la kwanza la mwundaji wa injini ndogo ni hili: kitu gani kisuguane na kitu gani?

Waingereza walilijibu swali hilo taratibu. Jarida la Model Engineer, lililoanzishwa London na Percival Marshall mwaka 1898, liliwapa mafundi wa nyumbani mahali pa kubishana na kufundishana. Katika miaka ya 1920 mwandishi aliyejulikana kwa herufi L.B.S.C. aliwaonyesha wasomaji wake kwamba injini ndogo ya makaa yaweza kumvuta mtu mzima. Silinda za injini za namna hiyo zilizoeleka kusubiwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, kwa sababu haishiki kutu. Pistoni nayo ilikerezwa iwe ndogo kidogo kuliko tundu lake, ikachimbwa mfereji, na mfereji ukajazwa uzi uliopakwa grafiti. Hivyo kilichosugua ukuta ni uzi, wala si metali. Uzi ukilika, hutolewa ukatiwa mwingine.

Fimbo ya pistoni ilikuwa taabu nyingine, kwa kuwa chuma cha kawaida huoza ndani ya mvuke. Nafuu ilitokana na chuma kisichoshika kutu, alichokigundua Harry Brearley huko Sheffield mwaka 1913. Kwa ekseli, wazo lilikuwa la zamani zaidi: mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi yenye utando laini wa bati, antimoni na shaba. Chembe ya mchanga ikiingia, huzama katika ulaini ule badala ya kuchora ekseli. Mafuta yakikatika, utando huyeyuka na ekseli husalimika.

Hayo yote niliyasoma baadaye. Mwaka ule nilikuwa na fimbo moja nene ya chuma tuliyopewa na gereji ya jirani, nami niliamini kwamba kigumu ndicho kidumucho. Nikaamuru silinda na pistoni zote zitokane na fimbo hiyo hiyo. Mwanachuo mmoja, mtoto wa mhunzi, alinyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "chuma na chuma cha namna moja vitaumana. Baba hutia shaba kati yao." Nilimjibu mbele ya wenzake kwamba tuko chuoni, hatuko kwenye kiwanda cha baba yake. Darasa likacheka. Yeye akaketi.

Siku ya wazazi tuliwasha moto. Injini ilikwenda kama hatua kumi, ikapiga kelele kama ya mlango mkavu, ikasimama. Tulipoifungua tulikuta pistoni imeshikamana na silinda. Vyuma viwili vya aina moja vikibanana bila mafuta, ncha zao ndogo hugandana kama zilizochomelewa, kisha huchanana. Chuma cha kalibu ndicho chenye ruhusa ya kusuguana na mwenziwe, kwa sababu kina vipande vya grafiti ndani yake ambavyo hulainisha. Chetu hakikuwa hicho.

Yule kijana hakusema neno. Lililoniuma ni kwamba hakunyosha mkono tena muhula mzima, nami sikumwomba radhi. Alihitimu akaenda zake.

Tuna methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sina methali ya mkuu asiyesikia la mdogo, lakini pistoni ile ninayo mezani, na mikwaruzo yake. Nilipokuja kupewa uongozi wa chuo niliihamishia ofisini. Mara nyingi nilipokuwa karibu kushindana na mwalimu mkali kwa ukali kama wake, niliitazama na kujiuliza ni nani kati yetu anayepaswa kuwa bushi. Kwa kawaida ilinipasa niwe mimi, kwa kuwa chuo kilihitaji ekseli ile izunguke. Sikufaulu kila mara.

Injini nayo tuliitengeneza upya mwaka uliofuata kwa silinda za bronzi na uzi wa grafiti, ikazunguka uwanja mzima. Wazazi walipiga makofi. Aliyenipa shauri hilo hakuwapo kuiona.