Mpiganaji na Mazoezi: Fundisho la Ndondi mjini Goma

Neno "mazoezi" limetokana na kitenzi "zoea": afanyaye mazoezi hurudia jambo mpaka liwe tabia yake. Historia ya ndondi nchini Kongo yathibitisha maana hiyo. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba 1974. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Siku hiyo Ali aliegemea kamba, akavumilia makonde ya mpinzani aliyemzidi nguvu, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Subira ilishinda nguvu.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee mjini Goma. Tangu vita vya 1996, aghalabu "mpiganaji" huko ni mtu mwenye bunduki, na watoto wengi wa Kivu waliingizwa katika makundi yenye silaha. Katika miaka ya 2010 bondia Kibomango, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari mtoto, aliwafundisha vijana wa mji huo ngumi.

Bondia huanza kwa kengele na kukoma kwa kengele, hampigi aliyeanguka, hutii amri ya refa. Kwa kijana aliyekuzwa na vita, kukoma ni kugumu kuliko kupiga. Hapo ndipo mazoezi yanapokuwa malezi: mwenye nguvu huzoea kujizuia.