Mazimbu Chini ya Uluguru: Jeraha la Nafsi na Kutafuta Falsafa ya Maisha, 1977–1992

1. Utangulizi

Mazimbu iko kilomita chache kutoka mjini Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru huonekana waziwazi upande wa kusini. Leo hapo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kabla ya mwaka 1992 palikuwa na shule, mashamba, karakana, hospitali na makaburi ya wakimbizi wa Afrika Kusini, wafuasi wa chama cha ANC. Historia ya siasa ya mahali hapo imekwisha kuandikwa na wengi. Katika makala haya tunauliza swali jingine, ambalo kila mchungaji hukutana nalo katika huduma yake: mtu aliyevunjwa na ukatili hupataje tena msingi wa kuishi? Tena, je, msingi huo aweza kupewa na wengine, au ni lazima autafute mwenyewe?

2. Walikotoka

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Polisi wa makaburu waliwapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa siku hiyo alikuwamo Hector Pieterson, mtoto ambaye picha yake akiwa amebebwa mikononi ilienea duniani kote. Ghasia ziliendelea kwa miezi mingi, na tume ya serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilihesabu waliokufa kuwa 575 hadi mwisho wa Februari 1977.

Maelfu ya vijana walikimbia kupitia Botswana, Msumbiji na Swaziland, ambayo siku hizi huitwa Eswatini. Wengi waliondoka usiku bila kuwaaga wazazi wao, kwa kuwa mzazi asiyejua neno hakuwa na la kuwaambia polisi. Kwa hiyo walibeba huzuni ya namna mbili: ya wale waliouawa mbele ya macho yao, na ya wale waliowaacha wakiwa hai pasipo kwaheri. Mmoja wa kizazi hicho, Solomon Mahlangu wa Mamelodi, alirudi akiwa mpiganaji, akakamatwa Juni 1977, akanyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Shule ya Mazimbu ilipewa jina lake.

3. Ardhi na usalama

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa huko Mazimbu. Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, anakumbukwa kwa sehemu yake katika jambo hilo. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu wa sita jijini Dar es Salaam. Mkutano ulimchagua Askofu Josiah Kibira kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, na ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni jambo la ukiri wa imani, status confessionis. Hatudai kwamba matukio haya mawili yalipangwa pamoja. Lakini yafaa kuyaweka kando kwa kando: mahali pamoja Kanisa lilitamka neno, mahali pengine, safari ya siku moja tu kwa gari, kijana alipewa udongo wa kusimama. Neno bila udongo lisingemponya kijana huyo.

Thamani ya udongo huo tunaiona tukikumbuka yaliyowapata wenzao waliobaki karibu na mpaka. Majeshi ya makaburu yalivamia Matola mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985. Ruth First aliuawa Maputo kwa bomu la barua mwaka 1982. Morogoro ilikuwa mbali. Daktari Mmarekani Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya uponyaji wa watu waliotendewa ukatili, aeleza hatua tatu: kwanza usalama, pili kukumbuka na kuomboleza, tatu kuungana tena na watu. Asiye salama hawezi kuomboleza. Mazimbu ilitoa hatua ile ya kwanza.

4. Jembe, mtoto na kaburi

Wahenga walisema, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.” Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumkanya mvivu. Kwa wageni wa Mazimbu ilikuwa na maana pana zaidi. Wanafunzi wa kwanza walishiriki kujenga majengo yao wenyewe. Baadaye walilima, wakafuga, wakafanya useremala. Palikuwa na kituo cha kina mama vijana na watoto wao, kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke. Mwaka 1984 ilifunguliwa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa watu wa Uholanzi. Huko Dakawa, kwenye barabara iendayo Dodoma, ardhi nyingine ilitolewa mwaka 1982, na humo wengine walijifunza kufuma na kuchapa nguo.

Chama nacho kiliwapa vijana falsafa iliyokwisha kutengenezwa: historia ya mapambano, nidhamu, matumaini ya ushindi. Hatuidharau. Iliwaambia kwamba mateso yao hayakuwa aibu yao, nalo ni neno la uponyaji. Hata hivyo falsafa ya wote haikuweza kujibu swali la mmoja. Kijana aliyeamka usiku akipiga kelele alijua vema kwa nini makaburu ni adui. Asilojua ni kwa nini yeye amebaki hai na rafiki yake amekufa.

Hapa twapata msaada kwa Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepita katika makambi ya Wanazi, Auschwitz ikiwa mojawapo. Alifundisha kwamba maana ya maisha haigawiwi kama posho. Kila mtu huitafuta yake, naye huipata kwa njia tatu: katika kazi aifanyayo, katika upendo, na katika namna anavyoyakabili mateso asiyoweza kuyaepuka. Mazimbu haikujengwa kwa kufuata mafundisho ya Frankl, lakini zile njia tatu zilikuwapo: jembe, mtoto, na kaburi. Waliofia ugenini walizikwa palepale, kila mmoja kwa jina lake. Kwa watu ambao ndugu zao walizikwa chini ya ulinzi wa polisi, kuzika kwa heshima kulikuwa hatua ile ya pili, yaani kuomboleza.

5. Jeraha jipya

Tusifanye Mazimbu kuwa bustani ya Edeni. Tarehe 16 Machi 1984 Msumbiji ilitia sahihi mkataba wa Nkomati na Afrika Kusini, na wafuasi wengi wa ANC wakalazimika kuondoka huko. Majuma manne baadaye, tarehe 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Sokoine, akisafiri kutoka Dodoma, alikufa katika ajali ya barabarani karibu na Dakawa. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini. Taifa zima lililia, na uvumi juu ya kifo hicho haukuisha kwa miaka mingi. Hapo wenyeji walipata sababu ya kuwafukuza wageni. Hawakuwafukuza. Mwezi Agosti 1985 Oliver Tambo aliifungua rasmi shule ya Mazimbu.

Jeraha jingine lilitoka ndani. Baada ya maasi ya wapiganaji wa ANC huko Angola mwaka 1984, baadhi yao walifungwa na kuteswa katika kambi iliyoitwa Quatro. Walipoachiliwa, kundi lao lililetwa Dakawa. Hao walikuwa na swali gumu kuliko la vijana wa Soweto: nitaishije, ikiwa aliyenijeruhi ni ndugu yangu, naye ndiye mwenye falsafa niliyoiamini? Mwaka 1993 tume iliyoundwa na ANC yenyewe, ikiongozwa na Samuel Motsuenyane, ilithibitisha kwamba wafungwa waliteswa. Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, katika taarifa yake ya mwaka 1998, ilisema jambo hilohilo hadharani, pamoja na kuulaumu zaidi utawala wa makaburu.

6. Hitimisho

ANC iliruhusiwa tena nchini mwake Februari 1990, na mwezi Julai 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania. Chuo kikuu kilichoipokea kina jina la Sokoine. Kampasi yenyewe ina jina la Mahlangu. Hivyo msiba wa wenyeji na msiba wa wageni vimeandikwa katika kibao kimoja. Katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilitaja ubuntu, neno ambalo Mswahili halihitaji tafsiri, kwa kuwa analo lake: utu. Wenyeji wa Morogoro waliutenda utu huo mwaka 1984, pale kutenda kulipokuwa kugumu.

Kutokana na historia hii twajifunza mambo matatu kwa ajili ya huduma. Kwanza, tusimhimize aliyeumizwa kusamehe au kueleza habari zake kabla hajawa salama. Pili, tumpe kazi, jina na mahali pa kulilia wafu wake, kabla ya kumpa mafundisho. Tatu, hata mafundisho yetu yaliyo ya kweli hayawezi kuchukua nafasi ya jibu ambalo mtu mwenyewe analitafuta. Na ikiwa ni sisi, au Kanisa letu, tuliomjeruhi, hatuna haki ya kumfundisha lolote kabla ya kuungama. Wako leo katika sharika zetu watu waliobeba mambo kama hayo, nao huketi kimya Jumapili hata Jumapili. Wajibu wetu wa kwanza ni kuketi karibu nao.