Moshi wa Petroli na Mafuta ya Damu

 Sogeza kiti karibu na redio. Leo tunazungumzia kolesteroli, yaani mafuta yaliyo katika damu, lakini hatuanzii jikoni. Tunaanzia Marekani mwaka 1921.

Mwaka huo Thomas Midgley aligundua kwamba petroli ikitiwa dawa yenye madini ya risasi, injini ya gari haigongi. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Mafundi wa rangi walikuwa wakiugua tangu zamani. Mwaka 1924, katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza dawa hiyo, wafanyakazi watano walirukwa na akili wakafa. Hata hivyo petroli hiyo iliuzwa dunia nzima.

Basi kila gari lilipopita liliacha risasi hewani. Ilitua kwenye vumbi ambamo watoto hucheza, na kwenye mboga za kando ya barabara. Sisi tuliokulia karibu na steji za magari tuliivuta kila siku bila kujua.

Marekani ilipoanza kuipunguza katika petroli, wataalamu walipima damu za watu. Kati ya 1976 na 1980 wastani ulishuka kutoka mikrogramu 14.6 hadi 9.2 kwa desilita. Huku kwetu ilichukua muda zaidi. Nchi za Kiafrika zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001, na ilipoingia 2006 Kenya na majirani wakawa wameiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Sasa kolesteroli inaingiaje hapa? Upimaji huo wa damu uliendelea Marekani, na walipolinganisha matokeo waliona kwamba watu wazima wenye risasi nyingi mwilini mara nyingi ndio wenye kolesteroli ya juu. Hilo pekee halithibitishi kwamba risasi ndiyo iliyoipandisha. Lakini kwamba inapandisha presha linajulikana vyema, na mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kiliitaja miongoni mwa mambo yanayohatarisha moyo.

Ubaya wake, mama, ni kwamba haitoki upesi. Mwili huichukua kama kalisiamu, ukaiweka mifupani kwa miaka mingi. Wakati wa ujauzito, kunyonyesha, na baada ya hedhi kukoma, mifupa huachilia kiasi fulani, kikarudi katika damu. (Usiache kunyonyesha kwa hofu hiyo! Kunywa maziwa, kula omena na mboga za majani.)

Kwa hiyo nyanya akienda kupimwa presha na kolesteroli, amweleze daktari alikoishi na kazi aliyofanya ujanani: kuuza petroli, kupaka rangi, au kuyeyusha betri kuukuu. Daktari asipouliza, atangulie yeye kusema.